Wana wa Yohana: Hotuba Juu ya Watu Mashuhuri Waliobeba Jina la Johnson

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi wa lugha na wa historia, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika miaka yote hiyo hakuna droo ya kadi iliyonishughulisha kama ile ya herufi J, pale palipoandikwa Johnson. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniletea insha yake niipitie kabla hajaikabidhi kwa mwalimu. Humo aliandika kwamba Samuel Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1709, akatunga kamusi kubwa ya Kiingereza, akaenda Afrika Magharibi akaandika historia ya Wayoruba, kisha akaja Afrika Mashariki kutunga kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mtu huyo, kama angekuwapo, angelazimika kuishi zaidi ya miaka 220. Nilipokwenda kulitazama kabati nikaelewa kosa lilikotoka: kadi za watu watatu zilifuatana, wawili kati yao wakiwa na jina lile lile la kwanza na la mwisho, na kijana yule alikuwa amewasoma kama mtu mmoja aliyesafiri sana.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwafuatilia watu waitwao Johnson, na nimeona kwamba kosa la yule kijana ni letu sote kwa namna fulani, kwa sababu tukiliona jina la ukoo la Kiingereza mara moja hudhani tumeona damu. Nitajaribu kuwaonyesha kwamba jina hili ni kama nyumba yenye milango mingi, na kwamba njia ambayo kila mmoja alipitia hadi akaitwa Johnson hutuambia habari ambazo jina lenyewe limezificha.

Tuanze na maana. Johnson ni mwana wa John. John ni Yohana, yule ambaye Waarabu Wakristo humwita Yuhanna na Waislamu wanamjua kwa jina la Yahya, na asili yake ni maneno ya Kiebrania yanayosema kwamba Mungu amejaa neema. Kwa hiyo kipande kile cha mwisho, *son*, kinafanya kazi ile ile ambayo *bin* hufanya katika majina ya pwani yetu. Tofauti ni kwamba *bin* yetu imebaki hai, maana Salim bin Yahya akizaa mtoto akamwita Ali, mtoto huyo ni Ali bin Salim, na Yahya anasogea nyuma kizazi kimoja. Waingereza nao walikuwa na mwendo huo huo, lakini katika Zama za Kati, kadiri kodi, mirathi na hati za ardhi zilivyohitaji jina lisilobadilika, neno lile liligandishwa. Mwana wa John akawa Johnson, na mjukuu wake akawa Johnson, na wajukuu wa wajukuu wakaitwa wana wa John ambaye hakuna aliyemkumbuka. Kwa kuwa John lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa mno Uingereza, wana wa John walitokea katika kila kijiji bila kujuana. Hivyo hata huko lilikoanzia, jina hili halikuwa na babu mmoja.

Nasi tunalo jambo letu juu yake. Kwetu Johnson mara nyingi ni jina la kwanza la mtu, analopewa mtoto kanisani siku ya ubatizo, na baadaye huwa jina la mwisho la watoto wake, kwa sababu wengi wetu tunachukua jina la baba. Bila kukusudia tumelirudisha jina hilo katika hali yake ya zamani, ya kutaja baba na kuishia hapo.

Johnson wa kwanza katika kabati langu ni Samuel, aliyezaliwa Lichfield mwezi Septemba 1709. Baba yake alikuwa muuza vitabu ambaye biashara yake haikuwa nzuri, na kijana huyo aliondoka Chuo Kikuu cha Oxford baada ya mwaka mmoja na kitu kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walifanya naye mkataba wa kutunga kamusi ya Kiingereza kwa malipo ya gini 1,500. Alidhani angeimaliza kwa miaka mitatu. Ilitoka mwezi Aprili 1755, ikiwa na vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, zaidi ya 40,000, na zaidi ya hapo mifano ipatayo 114,000 aliyoichota katika vitabu vya waandishi wa Kiingereza ili kila maana iwe na shahidi wake. Aliifanya kazi hiyo nyumbani kwake, akisaidiwa na waandishi sita wa kunakili, watano kati yao wakiwa Waskoti. Kila mtu aliyewahi kutunga hata faharasa ndogo ya istilahi anaweza kukadiria mzigo huo, na mimi ninamheshimu mno kwa sababu hiyo.

Lakini katika kizazi chetu wasomaji wengi wanamjua kwa kamusi tu, na hawajui kwamba alianza uandishi wa vitabu kwa habari za bara letu. Kitabu chake cha kwanza, kilichochapishwa mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za Jerónimo Lobo, mmisionari Mjesuti wa Kireno aliyekwenda Uhabeshi. Lobo huyo mwaka 1624 alifika pwani yetu, akatua Pate, na kutoka huko akajaribu kutafuta njia ya nchi kavu ya kufikia Uhabeshi, asifanikiwe. Mwaka 1759 Johnson akarudi tena Uhabeshi kwa mawazo, akaandika hadithi ya mwanamfalme wa nchi hiyo aliyetoka bondeni kutafuta namna njema ya kuishi. Aliiandika jioni za wiki moja ili apate fedha za mazishi ya mama yake. Mwenyewe hakuikanyaga Afrika kamwe.

Afrika, hata hivyo, ilikuwa ndani ya nyumba yake. Mwaka 1752 aliletewa mtoto mmoja aliyezaliwa mtumwa Jamaica, aliyekuwa akiitwa Quashey kabla ya kubatizwa na kupewa jina la Francis Barber. Johnson alimpeleka shule, akaishi naye kama mtu wa nyumbani, na alipofariki mwezi Desemba 1784 wosia wake ulimfanya Barber kuwa mrithi mkuu wa mali yake pamoja na posho ya pauni 70 kwa mwaka. Jambo hilo liliwaudhi baadhi ya marafiki zake wakubwa. Ilikuwa miaka ambayo meli za Uingereza bado zilikuwa zikivusha watumwa baharini, naye alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1775, akiwauliza walowezi wa Marekani imekuwaje kilio kikubwa cha uhuru kitoke vinywani mwa watu wanaowaendesha watumwa. Nasimama kidogo kwa Barber kwa sababu mtu huyu angeweza kabisa kuitwa Johnson. Desturi ya zama zile ilikuwa mtumishi Mweusi kubandikwa jina la bwana wake, na kwamba yeye alirithi mali bila kurithi jina ni jambo la kuangaliwa, kwani maelfu kwa maelfu ya wengine walirithi jina bila mali.

Johnson wa pili ni wa kwetu zaidi, nami nakiri kwamba nina mapenzi naye. Ni Frederick Johnson. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokwisha kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na cha vitabu, serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja ziliunda Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Wazee waliomo humu ukumbini waliosoma *Mashimo ya Mfalme Sulemani* shuleni walisoma tafsiri yake. Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili, miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo, na mwaka 1939 zikatoka juzuu mbili ambazo vizazi vya walimu wameziita tu Kamusi ya Johnson: moja kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, nyingine kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Yeye hakuziona zikichapishwa. Alikuwa ameshafariki, na ukurasa wa mwanzo unamtaja kama marehemu ambaye kazi ilifanywa chini ya uongozi wake.

Mlio wanafunzi wa leksikografia mnajua kasoro za kamusi hiyo, nami sizifichi. Iliegemea kamusi za Madan aliyekuwa mmisionari Unguja, ikapokea mpango wake wa kuviweka vitenzi vyote vya mnyambuliko chini ya shina, hata mtu anayetafuta neno *pendeza* lazima kwanza ajue kwamba makao yake ni kwa *penda*. Iliziacha lahaja za kaskazini ubavuni, Kiamu na Kimvita, ambazo ndizo zilizobeba tenzi zetu kuu. Na mgongoni mwa kitabu limebaki jina moja la Kiingereza, ilhali maneno yaliyomo yalitoka katika vinywa vya watu wa Unguja na wa mrima ambao hawakuandikwa pale. Hata hivyo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilikuwa ikisimama juu ya udongo ambao Johnson na kamati yake waliushindilia. Mimi nimekwisha kufungua juzuu zile mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote isipokuwa kitabu cha dini.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vina kamusi kubwa ya kale inayoitwa kwa jina la Johnson. Hawakuwa na udugu wowote unaojulikana. Walishirikiana jina na kazi tu.

Sasa namfikia Samuel Johnson wa pili, yule aliyemchanganya kijana wetu, na hapa naomba mnivumilie nikae zaidi.

Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, manowari za Kiingereza zilianza kuzikamata meli za watumwa katika bahari ya Afrika Magharibi na kuwashusha mateka Freetown, Sierra Leone. Watu hao walitoka katika mataifa mengi, na wengi walikuwa Wayoruba waliotekwa wakati dola ya Oyo ilipokuwa ikivunjika. Walipofika nchi kavu waliandikwa majina, na wakati wa ubatizo wakapewa majina ya Kiingereza: ya wamisionari, ya maofisa, ya wafadhili wa misheni waliokuwa Uingereza. Mtu alipanda meli akiwa na jina la baba yake, akashuka akiwa na jina la mgeni. Baba wa Samuel alikuwa mmoja wao. Aliitwa Henry Johnson, naye kwa nasaba alikuwa mjukuu wa Abiodun, Alaafin, yaani mfalme wa Oyo. Kwa hiyo Samuel, aliyezaliwa Hastings nchini Sierra Leone mwaka 1846, alikuwa kitukuu wa mfalme na huku kadi ya maktaba inamwonyesha kama mwana wa Yohana fulani wa Uingereza.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 familia ilirudi katika nchi ya Wayoruba, Ibadan, ambako baba alifanya kazi ya misheni. Samuel akasoma Abeokuta, akawa mwalimu, kisha katekista, akapewa ushemasi mwaka 1880 na ukasisi mwaka 1888, akahudumu Oyo, mji wa babu zake. Vita vilivyowagawa Wayoruba kati ya mwaka 1877 na 1893 alivishuhudia, naye alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda huku na huku kutafuta amani ya mwaka 1886. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akiwasikiliza *arokin*, manju wa ikulu ya Oyo waliohifadhi historia kwa ulimi, akawahoji wazee na wapiganaji, akaandika. Alisema wazi sababu yake: Wayoruba waliosoma walikuwa wakijua historia ya Uingereza, ya Roma na ya Wayunani, lakini ya nchi yao wenyewe hawakuijua, na yeye alitaka kuwaondolea aibu hiyo.

Mswada aliumaliza mwaka 1897. Ulipelekwa Uingereza kuchapishwa, ukapotea mikononi mwa waliopaswa kuutunza. Samuel akafariki mwaka 1901 bila ya kitabu. Hapo ndugu yake, Obadiah Johnson, aliyekuwa miongoni mwa Wanigeria wa kwanza kuhitimu udaktari wa tiba, alikusanya daftari na rasimu za marehemu akaiandika kazi upya. Mwezi Januari 1916 mswada huo mpya ulikuwa baharini ndani ya meli iitwayo *Appam*, na Wajerumani wakaiteka meli hiyo wakaipeleka Marekani. Mswada ukanusurika. Obadiah naye akafariki mwaka 1920, na mwaka 1921 kitabu kikatoka hatimaye, kikiwa na kurasa mamia, na mpaka leo hakuna anayeandika habari za Oyo bila kukipitia.

Kila ninapolifikiria jambo hili moyo wangu hujaa. Yule wa Lichfield alihuzunika kwamba miaka mitatu iligeuka kuwa tisa. Huyu wa Oyo alifanya kazi kwa muda mrefu, akaipoteza, akafa, na ndugu yake akaimaliza kwa miaka ishirini mingine. Ikiwa kuna Samuel Johnson anayestahili kutajwa kwa jina kamili, na nchi yake, na mwaka wake, kila mara mwanafunzi wetu anapomnukuu, ni huyu.

Hapo jirani, Liberia, jina lilipitia mlango mwingine. Elijah Johnson alikuwa katika kundi la kwanza la Weusi huru waliotoka Marekani mwaka 1820 kuanzisha makazi katika pwani hiyo. Mwanawe, Hilary Johnson, alizaliwa huko huko mwaka 1837, na mwaka 1884 akawa rais wa kwanza wa Liberia aliyezaliwa katika ardhi ya Afrika, akatawala hadi 1892. Katika nchi ile, watoto wa wenyeji wa bara walikuwa wakipelekwa Monrovia kulelewa katika nyumba za walowezi ili wapate elimu, na wakifika walibadilishwa majina. Mtoto mmoja wa kabila la Gola, mwana wa chifu Jahmale, aliyeitwa Karnley, alipewa jina la Carney Johnson, na jina hilo la Johnson lilichaguliwa kwa sababu baba yake alikuwa mtu mwaminifu kwa Rais Hilary Johnson. Carney alikua akawa mwanasheria na mbunge. Binti yake alizaliwa Monrovia mwezi Oktoba 1938, akaitwa Ellen. Mwaka 2006 Ellen Johnson Sirleaf akaapishwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuongoza nchi, na mwaka 2011 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Leymah Gbowee na Tawakkol Karman.

Watu wengi walipomsikia kwa mara ya kwanza walidhani ni mzao wa wale walowezi kutoka Marekani, kwa sababu jina lilisema hivyo, na katika siasa za Liberia dhana kama hiyo haikuwa jambo dogo, maana walowezi na wazao wao waliitawala nchi ile kwa zaidi ya miaka 130. Ilibidi mwenyewe aeleze nasaba yake. Fikirini juu ya hilo: marais wawili wa nchi moja, wote Johnson, na kinachowaunganisha ni heshima ya chifu mmoja wa Gola kwa rafiki yake.

Tuvuke bahari sasa. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2010 watu 1,932,812 waliandikwa kwa jina la Johnson, na ni Smith peke yake aliyewazidi. Sehemu ya wingi huo inatoka Uingereza. Sehemu inatoka Skandinavia, kwa maana akina Johansson na Jonsson waliohamia majimbo ya kaskazini katika karne ya 19 walilainisha majina yao yawe rahisi kwa majirani. Lakini zaidi ya theluthi moja ya Wamarekani wenye jina hili ni Weusi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu wapatao milioni nne walihitaji jina la pili: kwa ajili ya ndoa, kwa ajili ya mkataba wa kazi, kwa ajili ya sensa ya mwaka 1870 ambayo ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Wengine walibaki na jina la bwana wao wa mwisho, wengine wakachukua la bwana wa zamani zaidi ili ndugu waliouzwa mbali waweze kuwatambua, wengine wakajichagulia. Mtu akikutana leo na Johnson Mweusi wa Georgia hawezi kujua ni mlango upi kati ya hiyo uliotumika, mpaka aulize, na mara nyingi hata mwenyewe hana pa kuuliza.

Kuhusu uhuru wao, jina hili lilisimama pande zote mbili. Andrew Johnson, fundi cherehani aliyezaliwa North Carolina mwaka 1808, aliingia madarakani Lincoln alipouawa mwezi Aprili 1865. Nafasi ya kuwajenga walioachwa huru ilikuwa mikononi mwake, naye aliitumia kuwazuia: sheria ya haki za raia ya mwaka 1866 aliikataa, na Bunge likalazimika kuipitisha juu ya kichwa chake. Mwaka 1868 alishitakiwa mbele ya Seneti akaponea kura moja tu. Miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake, mwaka 1908, alizaliwa Texas Lyndon Johnson, asiye na nasaba naye. Huyu pia alikuwa makamu wa rais mwenye asili ya kusini, naye pia aliingia madarakani kwa risasi iliyomwua mwingine, Kennedy, mwezi Novemba 1963. Lakini yeye alitia saini sheria ya haki za raia mwezi Julai 1964, ile ya haki ya kupiga kura mwezi Agosti 1965, na mwezi Oktoba mwaka huo huo sheria ya uhamiaji iliyoondoa upendeleo wa zamani kwa Wazungu wa kaskazini. Ndugu zetu wengi walioko Marekani, wakiwamo wanaozungumza Kiswahili, walipita katika njia iliyofunguliwa na sheria hiyo, ingawa ni wachache wanaoihusisha na jina la Johnson. Vita vya Vietnam vilimharibia sifa, na haki ilitaka hivyo. Hayo mawili lazima yasemwe pamoja.

Kati ya marais hao wawili waliishi ndugu wawili wa Jacksonville, Florida. James Weldon Johnson, aliyezaliwa mwaka 1871, aliandika mashairi ya wimbo ambao kaka yake mdogo, John Rosamond, aliutilia muziki, na mwaka 1900 watoto 500 wa shule wakauimba katika kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa Lincoln. Ndugu hao waliondoka mjini na karibu wausahau. Watoto hawakuusahau. Walihamia miji mingine wakiuimba, wakawa walimu wakawafundisha wengine, hata wimbo ule ukaitwa wimbo wa taifa wa Wamarekani Weusi. James Weldon aliendelea kuwa balozi mdogo nchini Venezuela na Nicaragua, na kuanzia mwaka 1920 akawa Mweusi wa kwanza kushika ukatibu mtendaji wa chama kikubwa cha kutetea haki za watu wake.

Wakati huo huo Jack Johnson wa Galveston, mwana wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alikuwa ulingoni. Mwezi Desemba 1908, huko Sydney, akawa Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Tarehe 4 Julai 1910 alimshinda Jim Jeffries, aliyerudishwa kutoka mapumzikoni kwa kusudi la kulirudisha taji kwa Wazungu, na usiku huo Weusi walishambuliwa na kuuawa katika miji mingi ya Marekani. Mwaka 1913 alihukumiwa kwa sheria iliyotumiwa kumwadhibu kwa sababu ya wanawake wa Kizungu aliokuwa nao. Alifariki mwaka 1946. Msamaha wa rais ulimfikia mwaka 2018, miaka 72 akiwa kaburini.

Wanamichezo wengine mnawajua: Earvin Johnson, aliyeitwa Magic, ambaye tangazo lake la mwezi Novemba 1991 kwamba ana virusi vya UKIMWI lilisikika hata katika redio za huku kwetu wakati ugonjwa huo ulikuwa bado ukinong'onwa, Michael Johnson na sekunde 19.32 za mita 200 huko Atlanta mwaka 1996. Na Ben Johnson wa Kanada, aliyenyang'anywa medali ya dhahabu ya Seoul mwaka 1988. Na kwa wapenzi wa ndege yupo Amy Johnson, Mwingereza aliyeruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwezi Mei 1930. Sikai kwao, maana habari zao zimeenea.

Wa mwisho ambaye nataka kumtaja alipata jina hili kwa ndoa. Alizaliwa Katherine Coleman, West Virginia, mwaka 1918, katika wilaya ambayo mtoto Mweusi hakuweza kusoma zaidi ya darasa la nane, hata wazazi wake wakawa wanawahamishia watoto mji mwingine kila mwaka shule zilipofunguliwa. Alihitimu chuo akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1953 aliajiriwa Langley, Virginia, katika kitengo cha wanawake Weusi waliofanya mahesabu kwa mkono kwa ajili ya wahandisi wa ndege. Mume wake wa kwanza, James Goble, alifariki mwaka 1956. Mwaka 1959 aliolewa na James Johnson. Mwezi Februari 1962, kabla John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia, rubani huyo aliomba kwamba takwimu zilizotolewa na kompyuta zipitiwe tena na yule bibi, na akisema ziko sawa, basi yeye yuko tayari kwenda. Akazipitia kwa siku moja na nusu. Zilikuwa sawa.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, mwezi Septemba 1960, ilichapishwa ripoti ya kitaalamu juu ya namna ya kukiweka chombo cha angani juu ya mahali palipokusudiwa duniani, na yeye alikuwa mmoja wa waandishi wawili. Katika idara aliyokuwa akifanyia kazi wakati huo, mwanamke hakuwahi kabla ya hapo kuandikwa kama mwandishi wa ripoti. Nakala yake inasomeka mpaka leo, na juu ya ukurasa wa kwanza jina limepigwa chapa hivi: Katherine G. Johnson. Ile herufi ya katikati ni ya Goble, marehemu baba wa binti zake watatu.